Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa viwanda vya chai vya Nyambene: vali ya mvuke si jambo la kupitishwa bila swali

Waheshimiwa Wenyeviti na Wakurugenzi,

Tuliwachagua kwa kura zetu, kituo kwa kituo cha kununulia chai, mkakae kwenye meza ambayo sisi wengine hatufiki. Mezani hapo huletwa makabrasha ya zabuni, na ndani yake, kati ya bei ya magunia na bei ya matairi ya lori, huwa kuna mstari mmoja mfupi: vali ya kupunguza presha ya mvuke, pamoja na baipasi yake, yaani bomba la kuikwepa. Mstari huo hupita haraka kwa sababu kila aliyeketi hapo anadhani ni jambo la mafundi. Naandika kuwaomba mwache kuupitisha hivyo.

Mimi ni mkulima wa chai hapa Maua, na kabla ya kurudi shambani nilikuwa fundi wa mitambo ya mvuke. Nina haki ya kusema juu ya jambo hili kwa pande zote mbili. Tangu mwaka 2000, KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, ilipoacha kuwa shirika la serikali, viwanda hivi ni kampuni zetu sisi wakulima. Kuni zinazoingia kwenye boila tunazilipia sisi, na zikiteketea bure gharama yake hukatwa kabla bonasi haijatufikia mkononi.

Jani bichi linapopimwa kiwandani, robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Chai inayotiwa kwenye gunia ina maji kama asilimia 3 tu. Ndiyo maana huhitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai. Maji hayo huondolewa kwa hewa, na hewa hupashwa moto kwa mvuke. Umeme huzungusha feni na mashine za kusagia, lakini sehemu kubwa ya nishati ya kiwanda cha chai ni joto la kuni.

Kikaushio na vitanda vya kunyaushia havihitaji mvuke wa aina moja. Kikaushio kinataka hewa ya nyuzi mia na kitu, kwa hiyo radieta zake hupewa mvuke wa presha kubwa. Kunyausha ni kazi ya upole: hewa ikizidi uvuguvugu, jani huungua kingo na kuwa jekundu kabla halijaingia kwenye mashine. Boila ya presha ya baa 10 hutoa mvuke wa nyuzi 184. Ukiushusha hadi baa 3, unakuwa wa nyuzi 144, na hadi baa 1, nyuzi 120. Presha ndiyo inayoamua joto la mvuke, na vali ninayoizungumzia ndiyo inayoamua presha. Tena kilo moja ya mvuke wa baa 10 ikigeuka maji ndani ya radieta huachia joto la kilojuli 2,000 hivi, lakini ya baa 3 huachia kama 2,130. Na maji yanayotoka kwenye trapu (vitoa maji ya mvuke uliopoa) za mstari wa baa 3 hayalipuki kuwa mvuke mwingine wa kupotelea angani kwa wingi kama yale ya baa 10. Moshi mweupe mnaouona ukipaa nyuma ya kiwanda asubuhi ya baridi, sehemu yake ni miti tuliyoipanda.

Presha ikiyumba, chai nayo huyumba. Ikishuka wakati kikaushio kimejaa, jani hukaa kwenye joto hafifu, likapikika badala ya kukauka. Ikipanda ghafla, hukauka nje likabaki bichi ndani, nalo huharibika likiwa ghalani. Wanunuzi wa mnada wa Mombasa hawaijui boila yetu wala hawamjui fundi wetu wa zamu ya usiku. Wanaonja tu, kisha wanataja bei.

Kosa la kwanza katika ununuzi wa vali hizi hufanyika kwenye karatasi. Bomba ni la milimita 50, kwa hiyo karani anaandika: vali ya milimita 50. Inaonekana ni akili ya kawaida, lakini si sahihi. Bomba huchaguliwa ili mvuke upite kwa utulivu, mita 25 kwa sekunde au zaidi kidogo, bila kupoteza presha. Vali hii kazi yake ni kinyume kabisa: kupoteza presha kwa makusudi, kwa kuupitisha mvuke kwenye tundu dogo. Ukubwa wa tundu hilo hautokani na ukubwa wa bomba. Unatokana na kilo ngapi za mvuke zinahitajika kwa saa.

Hesabu yake mkurugenzi yeyote anaweza kuifanya kwa simu yake. Watengenezaji hupima uwezo wa vali kwa namba waitayo Kv, yaani ni mita ngapi za ujazo za maji zinaweza kupita kwa saa moja presha inaposhuka kwa baa 1. Kwa mvuke unaoshushwa kutoka baa 10 hadi 3, chukua kilo za mvuke kwa saa, gawanya kwa 12, kisha gawanya kwa presha ya kuingilia ukiwa umeongeza baa 1 ya hewa, yaani 11. Mstari wa kunyaushia unaohitaji kilo 600 kwa saa utakupa Kv ya 4.5 hivi. Vali ya milimita 25 kwa kawaida inafika hapo na kubakiza. Ya milimita 50 ina uwezo mara kadhaa ya unaohitajika, na kuiweka mahali hapo ni kama kumwagilia miche ya kitaluni kwa mpira wa zimamoto.

Vali kubwa kupita kazi yake hufanya kazi ikiwa imefunga karibu yote. Ikifunguka unywele mmoja, presha inaruka, nayo inafunga. Presha inashuka, inafunguka tena. Geji inacheza huku na huku usiku kucha. Katika ule ufa mwembamba, mvuke wenye matone ya maji hupita kwa kasi kubwa na kukata chuma cha kiti cha vali mfano wa tupa. Baada ya muda haifungi tena sawasawa. Hapo fundi hulaumiwa, na vali nyingine ya milimita 50 huagizwa.

Hapa Nyambene jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu mzigo wa kiwanda haukai mahali pamoja. Mvua za Oktoba hadi Desemba, na zile za Machi hadi Mei, majani hufurika, tena hufika yakiwa yamelowa chepechepe, na kunyausha huhitaji joto kubwa. Ukungu wa Julai unapokaa juu ya vilima, mashamba hulala na vitanda vingine hubaki vitupu. Vali moja haiwezi kufanya kazi vizuri kwenye pande zote mbili za mwaka kama huo. Dawa yake inajulikana: vali mbili zilizofungwa sambamba, moja ndogo na moja kubwa, ile ndogo ikiwa imewekwa presha ya juu kidogo. Msimu wa majani machache ndogo hufanya kazi peke yake. Majani yakijaa, presha hushuka kidogo na kubwa hufunguka yenyewe kuja kusaidia. Hakuna anayegusa gurudumu lolote.

Kuna aina kuu mbili za vali hizi. Ipo inayofanya kazi kwa springi na kiwambo moja kwa moja: ni sahili, huvumilia uchafu, lakini presha yake hulegea mzigo unapoongezeka. Ipo yenye vali ndogo ndani yake inayoiongoza kubwa: hushika presha kwa uthabiti, lakini vijia vyake ni vyembamba, na chembe moja ya kutu huiziba. Kwa kikaushio ningechagua ya pili, mradi maji ya boila yanatibiwa vizuri na kichujio kinasafishwa. Mahali kichujio hakisafishwi, ile ya springi itaishi muda mrefu zaidi.

Sasa baipasi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Naelewa kwa nini ipo. Majani yaliyochumwa hayangoji. Yakirundikana hujipasha moto na kuanza kuchachuka yenyewe, na vali ikiharibika saa nane usiku msimu wa mavuno, hakuna meneja atakayekubali kusimamisha kiwanda hadi fundi atoke Nairobi. Basi pembeni mwa vali huwekwa bomba lenye vali ya mkono, ili mvuke uendelee kupita. Kwa saa chache, mtu akiwa amesimama hapo na macho yake yapo kwenye geji, ni njia halali.

Tatizo ni kwamba saa chache hugeuka miezi. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi nilikuta baipasi imefunguliwa robo zunguko, gurudumu lake limefungwa kwa waya lisisogee, na vali yenyewe imezimwa pande zote mbili. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyefunga ule waya. Kitabu cha zamu hakikuwa na neno juu yake. Kila zamu ilipokea kiwanda kikiwa hivyo na kukikabidhi kikiwa hivyo.

Mkono uliofungua baipasi hauujui mzigo. Wakati vitanda vyote vinafanya kazi, robo zunguko huleta presha nzuri ya baa 3. Alfajiri inafika, majani yamekwisha, feni zinazimwa moja baada ya nyingine, mvuke hauna pa kwenda, lakini tundu ni lile lile. Presha ya upande wa chini hupanda hadi kukaribia ile ya boila. Radieta na mabomba yaliyotengenezwa kwa baa 4 yanajikuta yamebeba baa 10. Kinachobaki kati ya hapo na maafa ni vali ya usalama peke yake, kama ipo, kama ni ya ukubwa unaofaa, na kama haijashika kutu.

Baipasi ikifunguliwa kwa pupa, madhara hurudi hata kwenye boila. Presha ya boila hushuka ghafla, maji yake hufura kwa mapovu, na mvuke hutoka umebeba maji hadi kwenye mabomba. Maji hayo husukumwa kwa kasi ya mvuke na kugonga kila kona. Waliofanya kazi karibu na boila wanaujua mlio huo, kama nyundo ndani ya chuma. Gasketi hupasuka, flenji hulegea, na mwili wa vali uliotengenezwa kwa chuma cha kalibu cha bei rahisi unaweza kupasuka bila dalili yoyote kabla yake. Anayesimama hapo ni kijana wa kijiji chetu, aliyevaa aproni.

Kwa hiyo, msimamo wangu ni huu: kwa kiwanda cha chai, vali mbili za kujiendesha zilizofungwa sambamba ni bora kuliko vali moja na baipasi ya mkono. Moja ikiharibika, ya pili inabeba sehemu ya mzigo huku inatengenezwa, na hakuna binadamu anayewekwa kuwa vali. Gharama inaongezeka, sikatai, lakini inaongezeka mara moja. Pale ambapo lazima baipasi ya mkono ibaki, vali yake iwe ya globu, inayoweza kufunguliwa kidogo kidogo, isiwe ya geti ambayo hufunguka kwa wingi na huliwa haraka ikiachwa nusu. Uwezo wake usizidi ule wa vali inayokwepwa. Geji ya presha ya upande wa chini iwe mahali ambapo anayeshika gurudumu anaisoma bila kugeuza shingo. Gurudumu lifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa msimamizi wa zamu, na kila inapofunguliwa iandikwe saa, sababu na jina.

Kuandika huko si urasimu. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, Marekani, vali ya kutoa presha ilifunguka ikakwama ikiwa wazi. Taa mbele ya waendeshaji ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa, lakini haikuonyesha kama vali yenyewe imefunga. Wakaamini imefunga. Zilipita saa mbili na zaidi kabla ya njia hiyo kuzibwa, na sehemu ya kiini cha mtambo iliishia kuyeyuka. Walikuwa watu waliosoma, katika mtambo wa fedha nyingi kuliko viwanda vyetu vyote vikijumlishwa. Kilichowaangusha ni kutojua kama vali iko wazi au imefungwa. Sisi tuna kufuli, kitabu na kalamu, na hata hivyo hatuvitumii.

Kuhusu vali ya usalama, sheria yetu inasema waziwazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila chombo cha mvuke kisichoweza kuhimili presha ya boila kiwe na vali ya kupunguza presha, vali ya usalama, geji sahihi na vali ya kuzimia. Inataka pia boila ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi kumi na miwili. Ninachoongeza ni hesabu ambayo mara nyingi husahaulika: vali ya usalama ya upande wa chini lazima iweze kutoa mvuke wote utakaopita pale vali ya kupunguza presha ikikwama ikiwa wazi kabisa, au baipasi ikifunguliwa yote, kutegemea ni ipi inayopitisha zaidi. Ukinunua vali kubwa kupita kazi, umeifanya vali yako ya usalama kuwa ndogo bila kuigusa.

Vifaa vinavyoizunguka vali sitavikalia sana, lakini zabuni isivisahau: kitenganishi cha kuondoa maji kwenye mvuke kabla haujafika, kichujio kilicholazwa ubavu ili maji yasituame ndani yake, trapu inayofanya kazi, na bomba la upande wa chini lililopanuliwa, kwa sababu kilo ile ile ya mvuke ikishuka kutoka baa 10 hadi 3 huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili na nusu. Vali nyingi zinazosemekana ni mbovu ni nzima. Zimekosa tu kitenganishi na kichujio.

Na bei. Najua mnabanwa na wakulima wenzangu kuhusu gharama, na mwenye bei ya chini kabisa ndiye hushinda kwa urahisi. Vali mbili zenye rangi moja na umbo moja zinaweza kuwa na matumbo tofauti kabisa. Mwulizeni muuzaji mwili ni wa chuma gani, na alete cheti cha chuma hicho kutoka kiwandani, kile cha 3.1 kwa kiwango cha EN 10204, chenye namba inayolingana na iliyogongwa kwenye vali. Mwulizeni kiti na kizibo ni vya chuma cha pua kilichokazwa au la. Mwulizeni kiwambo, springi na kiti cha akiba viko kwenye rafu ya Nairobi leo, au vitaagizwa kutoka ng'ambo na kufika baada ya msimu. Vali nzuri isiyo na vipuri ndiyo huzaa waya kwenye gurudumu la baipasi. Bidhaa bandia zipo nchini kiasi cha kutungiwa sheria mwaka 2008 na kuundiwa mamlaka ya kupambana nazo, basi nunueni kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, kwa barua.

  

Wakurugenzi wangu, ninachoomba hakihitaji mkutano mkuu. Kabla ya zabuni ijayo, tembeeni hadi chumba cha boila mkiwa na meneja, mkaone baipasi iko wazi au imefungwa, na mwombe kitabu kinachosema hivyo. Mtakeni mhandisi awaletee hesabu ya mvuke kwa msimu wa mavuno na kwa msimu wa majani machache, iliyotiwa saini, kabla ukubwa wa vali haujaandikwa popote. Linganisheni bei pamoja na vipuri vya miaka kadhaa, si bei ya vali tupu. Kisha, siku ya mkutano wa wakulima, mnapotusomea gharama ya kuni, tuambieni pia kama mstari wa kunyaushia unaendeshwa na vali au na baipasi. Tutauliza.

Wenu,
Mkulima wa chai,
Maua, Kaunti ya Meru